Safari ya Kazi Ng'ambo: Tuulize Kwanza

Somo la mwezi huu lina mambo mengi ya kukumbuka, kwa hiyo tunaomba lisomwe nyumbani mbele ya vijana na wasichana, lisibaki kwa wazee peke yao. Linahusu watu wanaofika vijijini kwetu, au wanaopiga simu, wakisema kwamba wanazo nafasi za kazi Oman, Dubai, Saudi Arabia, Kanada au Ulaya. Baadhi yao wanasema kweli. Wengine ni wezi, tena wezi wa watu kabla ya kuwa wezi wa fedha. Taabu ni kwamba wote huvaa vizuri na kusema vizuri, na kwa macho tu huwezi kuwatofautisha.

Hatusemi vijana wasisafiri. Milima yetu imejaa watu. Shamba alilolima babu likigawanywa kwa wana, na wana nao wakigawia wana wao, kinachobaki ni matuta machache ya kabichi na viazi. Ndiyo maana kila siku wapo wanaoteremka Soni hadi Mombo kupanda basi la kwenda kutafuta riziki. Kutafuta riziki si kosa. Tunalotaka kulisema ni hili moja: safari ya kweli haihitaji siri wala haraka. Karatasi zake zaweza kusomwa na mtu yeyote, malipo yake yana stakabadhi, na wanaoisimamia wanaweza kupatikana kesho na keshokutwa. Safari isiyokubali kuulizwa maswali, tuiache.

1. Mambo yalivyo

Wazee wanakumbuka habari za manamba, wale watu walioletwa kutoka mbali kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya huko bondeni, Korogwe na Muheza. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Mtu alichukuliwa kwao kwa mkataba, akapewa namba, na akifika aliona kwamba kazi, nyumba na mshahara si vile alivyoambiwa. Kurudi kwao peke yake hakuweza, kwa kuwa alikuwa mbali na hana nauli. Jambo tunalolizungumza leo ni la namna hiyo hiyo, ila siku hizi hupandishwa ndege.

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake wa Tanzania wanaofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu. Waliwahoji wanawake 50 waliofanya kazi huko. Karibu wote walisema walinyang'anywa pasipoti zao. Wengi walilipwa pungufu ya walivyoahidiwa, au hawakulipwa kabisa. Wapo waliofanya kazi hadi saa 21 kwa siku bila siku ya kupumzika, na wapo waliopigwa na kuvunjiwa heshima. Tusidhani kwamba kila nyumba ya huko ni mbaya, maana wako mabinti waliokaa salama, wakajenga nyumba za wazazi wao kwa bati na kusomesha wadogo zao. Lakini anayekwenda bila kujua sheria za huko anaweka maisha yake mikononi mwa bahati.

Katika nchi hizo mfanyakazi wa nyumbani huingia kwa kibali kilichofungamana na tajiri wake, anayeitwa kafili. Akitoka katika nyumba hiyo bila utaratibu, anaweza kushtakiwa kuwa ametoroka, hata kama alikuwa akikimbia kipigo. Kwa sababu hiyo mambo yote ya maana yafanyike kabla ya safari, wakati binti bado yuko kwao na ana watu wa kumtetea.

Wavulana nao wasijione wako salama. Katika miaka hii ya 2020, vijana wa Kenya, Uganda na Ethiopia waliahidiwa kazi nzuri za kompyuta huko Thailand. Wakavushwa mpaka hadi Myanmar, wakafungiwa ndani ya maboma yenye walinzi, na kulazimishwa kuwatapeli watu wengine kwa simu. Waliokuwa na shahada za chuo kikuu walikuwamo. Elimu ya darasani peke yake haikuwaokoa.

2. Jinsi mtego unavyotegwa

Tuchukue mfano. Tuseme yupo binti wa miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha nne, anakaa nyumbani. Anakuja mtu. Mara nyingi si mgeni: ni ndugu wa jirani, au rafiki wa shangazi, au mtu tunayekaa naye benchi moja kanisani. Huyu ndiye dalali wa kwanza, na huenda yeye mwenyewe hajui mwisho wa kamba aliyoishika. Anasema iko kazi Muscat, mshahara mkubwa, chakula na malazi bure.

Hatua ya pili ni fedha. Inatakiwa ada ya fomu, kisha ya daktari, kisha ya kuharakisha viza. Kila moja ni ndogo kuliko ile jumla ambayo ingemshtua baba. Baba anauza ng'ombe, halafu anaweka shamba rehani. Sasa familia imekwisha kuingia sana kiasi kwamba kurudi nyuma ni kukiri hasara, na dalali anajua hivyo.

Hatua ya tatu ni haraka na siri. "Nafasi zimebaki mbili. Msiwaambie watu, watawaonea kijicho." Hapo ndipo pa kusimama. Mwenye kazi halali hana sababu ya kukuficha usimwulize mwalimu, mchungaji au mwenyekiti wa kijiji.

Hatua ya nne ni uongo mbele ya serikali. Binti anaambiwa, "Ofisa wa Uhamiaji akikuuliza, sema unakwenda kumtembelea mama mdogo." Viza iliyokatwa ni ya matembezi, wala si ya kazi. Au anapitishwa nchi ya jirani ili asiulizwe sana. Mtu anayeingia nchi ya watu kwa viza ya matembezi kisha akafanya kazi huwa amevunja sheria ya huko, na siku akidhulumiwa anaogopa kwenda polisi. Dalali amemfunga kwa uongo wake binti mwenyewe.

Hatua ya mwisho ni mkataba. Hapa ulikuwa wa Kiswahili au Kiingereza, ukitaja mshahara fulani. Akifika kule anawekewa mwingine wa Kiarabu, mshahara umepungua, naye hana budi kutia sahihi kwa kuwa pasipoti imekwisha kuchukuliwa.

3. Bei halali na milango halali

Mwizi wa namna hii hupata faida kwa sababu hatujui bei za serikali. Basi tuzijifunze.

Pasipoti ya kawaida ya Tanzania, hii ya kielektroniki iliyozinduliwa Januari 2018, ada yake ni shilingi 150,000. Hutolewa na Idara ya Uhamiaji peke yake. Mwombaji anatakiwa kuwa na kitambulisho cha Taifa na cheti cha kuzaliwa, na analipa kwa namba maalumu ya malipo ya serikali, ile ambayo watu wameizoea kwa jina la kontroo namba. Fedha hiyo haiingii katika simu ya mtu. Ukiambiwa utume ada ya serikali kwenye namba ya simu ya "ofisa", tazama jina linalotokea kabla hujathibitisha. Likiwa ni jina la mtu binafsi, usitume. Na kama ofisa wa kweli anadai kitu cha pembeni, TAKUKURU hupokea taarifa kwa namba 113 bila malipo.

Wakala wa ajira anayepeleka watu nje sharti awe na leseni. Kwa Tanzania Bara shughuli hii iko chini ya sheria ya mwaka 1999 ya kukuza huduma za ajira na kanuni zake za mwaka 2014, na kanuni hizo zimemkataza wakala kumtoza ada mtafuta kazi. Wakala hulipwa na mwajiri aliyehitaji mfanyakazi. Kwa hiyo neno "lipa kwanza ndipo upate kazi" latosha kukuonyesha mtu uliyenaye. Habari za leseni huulizwa kwa Kamishna wa Kazi, na iko pia ofisi ya serikali ya kuunganisha watu na kazi. Zanzibar ina wizara na sheria zake za kazi, kwa hiyo anayeambiwa ataondokea Unguja aulize pia huko.

Mkataba usomwe wote kabla ya kutiwa sahihi, katika lugha ambayo msafiri anaielewa. Tazama mambo haya: jina kamili na anwani ya mwajiri, kazi yenyewe, mshahara na siku ya kulipwa, saa za kazi, siku ya mapumziko, nani analipa nauli ya kwenda na kurudi, matibabu, na jinsi ya kuvunja mkataba. Nakala moja ibaki nyumbani pamoja na nakala ya pasipoti na ya viza. Pasipoti ni mali ya Serikali ya Jamhuri ya Muungano, aliyekabidhiwa ni mwenye jina lake tu. Wakala hana haki ya kuishika kama rehani ya deni.

Kwa nchi za mbali zaidi, kanuni ni ile ile. Hakuna ubalozi unaouza kazi, na hakuna mtu awezaye kuuza "viza ya uhakika", kwa sababu anayeamua ni ofisa wa nchi ile. Tukumbuke bahati nasibu ya viza ya Marekani: kwa miaka mingi, hadi mwaka 2024, kujiandikisha kulikuwa bure, lakini watu wetu waliwalipa wajanja fedha nyingi kwa jambo ambalo mtoto wa sekondari angeweza kuwajazia.

Neno moja juu ya safari za karibu. Mtoto wa kike anayechukuliwa Lushoto kwenda kulea mtoto Dar es Salaam naye ni msafiri wa kazi. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Na hata aliyevuka umri huo aulizwe habari zile zile: anakwenda kwa nani, nyumba iko wapi, atalipwa nini, na atazungumza na mama yake siku gani.

4. Nani mwanasheria, nani kishoka

Sisi watu wa Lushoto tunaishi jirani na Chuo cha Uongozi wa Mahakama, wanakosomeshwa watumishi wa sheria wa nchi nzima. Hata hivyo mtu wetu akipata shida ya karatasi, mara nyingi humkimbilia kishoka anayekaa chini ya mti karibu na ofisi za serikali akiwa na muhuri na faili. Tuone basi wasaidizi wa kweli ni akina nani.

Wa kwanza ni wakili. Wakili ameandikwa katika orodha ya mawakili ya Mahakama Kuu, na kila mwaka sharti ahuishe cheti chake cha kufanya kazi. Mahakama imeweka orodha hiyo katika mtandao wake uitwao e-Wakili, ambamo kijana yeyote mwenye simu anaweza kutafuta jina. Mawakili wa Tanzania Bara wana chama chao, Tanganyika Law Society, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1954. Mtu anayejifanya wakili hali si wakili anatenda kosa la jinai. Kwa hiyo kumwuliza mtu, "Namba yako ya uwakili ni ipi?" si utovu wa adabu. Wakili wa kweli atajibu bila kukasirika, atakuambia ada yake mapema, na atakupa stakabadhi.

Wa pili ni msaidizi wa kisheria. Huyu si wakili, ila amefunzwa na kusajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Anaweza kukueleza haki zako, kukusomea mkataba na kukuelekeza kwenye ofisi inayohusika. Hasimami mahakamani kukutetea, wala haruhusiwi kukutoza fedha. Ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri anaweza kukuonyesha waliosajiliwa.

Wa tatu ni vituo vya msaada wa kisheria. Kiko Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kilichoanza mwaka 1995. Kiko Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, kijulikanacho kama WLAC. Kiko Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA, ambacho kimefanya kazi pia katika mkoa wetu wa Tanga. Hawa huwasaidia wasio na uwezo bila malipo.

Wenye ndugu waliokwisha kufika ng'ambo wawaandikie habari hizi pia. Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1999, ni kosa kutoa ushauri wa uhamiaji kama kazi bila kuwa mwanasheria au mtu aliyesajiliwa. Kanada vile vile, anayetoza fedha kwa ushauri huo awe mwanasheria au mshauri mwenye leseni. Marekani mtu mwenye muhuri wa kuthibitisha sahihi si lazima awe mwanasheria, na wengi wamedhurika kwa kudhani muhuri huo ni wa wakili. Ndugu wa kabila moja nawe anayesema, "Nitakujazia fomu, mimi najua maofisa," naye aulizwe amesajiliwa wapi.

5. Kama mtu amekwisha kudhurika

Kwanza, asifute kitu. Ujumbe wa simu, majina, picha, tiketi, karatasi za benki na kumbukumbu za fedha zilizotumwa kwa simu ni ushahidi. Aandike tarehe na matukio kwa utaratibu akiwa bado anakumbuka.

Pili, atoe taarifa. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu inamwadhibu anayemchukua mtu kwa udanganyifu ili anyonywe. Haimwondolei kosa kwa kusema, "Lakini binti alikubali mwenyewe," kwa sababu kukubali kulikopatikana kwa hila si kukubali. Akiwa ni mtoto wa chini ya miaka 18, hata hila haihitaji kuthibitishwa. Wazazi wengi hawaendi polisi kwa kuogopa kwamba wao ndio watakaolaumiwa, kwa kuwa walitoa fedha. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na mwanamke anaweza kuomba kusikilizwa hapo faraghani. Habari za mtoto hupokelewa pia kwa namba 116 bila malipo.

Tatu, aliyeko nje bado atafute ubalozi wetu. Tanzania inao ubalozi Muscat, Riyadh, Abu Dhabi na Doha, na ofisi ya ubalozi mdogo Dubai. Namba za ubalozi wa nchi anakokwenda ziandikwe kwenye daftari ya nyumbani kabla ya safari, na yeye azikariri kichwani, kwa kuwa simu yaweza kuchukuliwa. Jamaa nao wapatane naye neno moja la kawaida, kama vile kuuliza habari za ng'ombe fulani, ambalo akilitaja watajua kwamba yuko taabuni hata kama anasikilizwa.

Nne, wapo wezi wa mara ya pili. Familia iliyokwisha kuibiwa hutafutwa na mtu anayesema, "Nitawarudishia fedha yenu, leteni ada kidogo." Huyo ni ndugu wa yule wa kwanza.

6. Jambo linalotuhusu sisi tunaobaki

Kanisa letu katika nchi hii lina kumbukumbu ambayo haliwezi kuisahau. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na katika kiwanja chake wamisionari wa U.M.C.A. wakajenga Kanisa Kuu la Kristo. Miongoni mwa Wakristo wa kwanza wa misheni ile walikuwamo watoto waliookolewa majahazini. Tukiwa watoto wa kanisa hilo, haifai tuone mtu akiuzwa kwa karatasi nasi tukanyamaza kwa kuwa muuzaji ni jirani yetu.

Liko pia jambo la aibu. Binti anaporudi mikono mitupu, maneno ya kisimani na sokoni humwumiza kuliko aliyoyapata huko. "Wenzake wamejenga, yeye karudi na begi." Kwa sababu ya maneno hayo wengine huona heri kubaki mateso kuliko kurudi, na waliorudi hufunga midomo, na dalali anaendelea kuzunguka vijiji vingine kwa kuwa hakuna aliyemtaja. Anayerudi apokewe kama mgonjwa aliyetoka hospitali. Apewe uji kwanza, maswali baadaye. Naye akipenda kusema, asikilizwe mpaka mwisho, maana yeye ndiye mwalimu tuliyemkosa.

Tunashauri jambo dogo linalowezekana. Kila mtaa uchague watu wawili, mmoja kutoka Umoja wa Mama na mmoja kijana mwenye simu na elimu ya kutosha, ambao msafiri yeyote atawapelekea karatasi zake kabla ya kutoa fedha. Wao si wanasheria. Kazi yao ni kusoma kwa sauti, kuuliza, kupiga simu kwenye ofisi inayohusika, na kuandika jina la wakala katika daftari. Mwizi akisikia kuna daftari, hatapenda kijiji hicho.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani na katika vikundi

1. Katika kijiji chetu, nani amekwenda kufanya kazi nje miaka hii? Tunajua yuko wapi na kwa nani?

2. Wakala akisema, "Lipeni leo, kesho nafasi imekwisha," tumjibu nini?

3. Kwa nini viza ya matembezi ni hatari kwa anayekwenda kufanya kazi?

4. Msaidizi wa kisheria anaweza kutufanyia nini, na nini hawezi?

5. Kama dalali ni ndugu yetu wa karibu, au mtu wa kanisa letu, tutafanyaje ili tumwokoe binti bila kuvunja haki ya mtu yeyote?

Swali la tano ni gumu kuliko mengine, na tungependa lisirukwe. Majibu ya vikundi yaandikwe, yapelekwe kwa mchungaji, naye atajua la kufanya pamoja na wazee wa kanisa.